Majibu yangu ya damu yamepanda, na binti yangu alinificha

Anti, asalaam aleykum.

Mimi ni mama wa miaka 57, mkazi wa Ujiji, nauza mawese kwa jumla. Mwaka 2021 mgongo ulinikamata. Nikatibiwa UTI, nikatibiwa baridi yabisi, nikachomwa sindano za maumivu mpaka nikazizoea. Siku moja nainua dumu nikasikia kitu kimekatika kiunoni. Picha ikaonyesha pingili moja ya uti wa mgongo imebonyea. Nikapewa rufaa ya Mwanza, na huko ndiko nilikoambiwa nina saratani ya uloto wa mifupa, inaitwa mayeloma. Hilo jina nilikuwa sijawahi kulisikia.

Nilichomwa sindano za tumboni na kumeza vidonge vya steroidi vilivyoninyima usingizi. Nyayo zangu zina ganzi hadi leo. Lakini alhamdulillah, mwaka 2022 daktari aliniambia ugonjwa umelala. Tangu hapo nameza kidonge kimoja usiku na kwenda kliniki kila baada ya miezi mitatu.

Kila nikitoka kliniki huandika namba zangu nyuma ya daftari la hesabu za mawese. Ile protini ya ugonjwa ilianza 3.8 ikashuka hadi 0.2, ikawa inacheza hapo, mara 0.2 mara 0.3. Mume wangu halipendi hilo daftari. Anasema najitafutia ugonjwa kwenye karatasi.

Safari hii mashine ya hospitali ilikuwa mbovu, damu yangu ikapelekwa maabara nyingine. Majibu yalikuwa yatumwe kwenye simu ya binti yangu mkubwa anayeishi Mwanza, maana yangu ni kitochi. Nikawa namuuliza, ananijibu, "Bado mama, mfumo unasumbua." Mpaka mdogo wake alipokuja likizo, akashindwa kunyamaza, akanionyesha simu yake. Majibu dada yake alikuwa amemtumia zamani, na chini yake ameandika: "Usimwambie mama."

Nimeyanakili yalivyo. Protini M 4.1 g/L. Kapa 32, lambda 22, uwiano 1.45. Kreatinini 118. Wingi wa damu 10.4. Mara iliyotangulia daftari langu linasema protini 0.3, kapa 17, lambda 13, uwiano 1.31, kreatinini 82, damu 11.8.

Anti, kutoka 0.3 mpaka 4.1! Nilipoanza ilikuwa 3.8. Maana yake nimerudi nilikotoka na kupitiliza. Na cha ajabu sijisikii mgonjwa. Ni kweli kabla ya kupima niliugua malaria, nikanywa dawa mseto nikapona, na mgongo uliposumbua nikanunua diklofenaki duka la dawa. Basi. Natembea, nakwenda sokoni, nakula.

Kliniki yangu ni baada ya Idi. Kwenda sasa ni nauli, ni pa kulala, ni vipimo vya kulipa mwenyewe, na hela yangu yote iko kwenye mzigo tuliochanga na wenzangu wawili. Nikijitoa nitawaangusha. Mume wangu anasema nisubiri tarehe. Wifi yangu ameleta mizizi ya kuchemsha. Na Ramadhani imekaribia, nilikuwa nimenuia mwaka huu nifunge.

Binti yangu sijamwambia kwamba najua. Akipiga simu tunaongea habari za wajukuu. Namsikiliza, naona kama naongea na mtu aliyenizika kabla sijafa. Niende Mwanza sasa au nisubiri? Na huyu mtoto nimfanyeje?

Mama wa Ujiji

*

Aleykum salaam, dada yangu.

Barua yako nimeisoma na kalamu mkononi, maana ndani yake mna mambo mawili uliyoyafunga kamba moja. Kuna namba zilizopanda, na kuna binti aliyeandika "usimwambie mama". Namba zimekutisha zaidi kwa kuwa zilifichwa, na kufichwa kumekuuma zaidi kwa kuwa namba zinatisha. Tuyafungue, tuanze na namba.

Mimi si daktari wako, na sitakuambia kama ugonjwa umelala au umeamka. Naamini hata daktari wako hatalisema hilo kwa karatasi hii peke yake. Ila kuna jambo moja kwenye hiyo karatasi lililonifanya nirudi juu na kusoma tena.

Umeandika "4.1 g/L". Zile za daftari umeziandika tupu, 0.3, 0.2, 3.8, bila herufi za pembeni. Dada, zitafute karatasi zako za zamani uangalie herufi hizo. Maabara moja huandika protini hii kwa gramu katika lita, ndiyo g/L. Nyingine huandika kwa gramu katika desilita, ndiyo g/dL. Lita moja ina desilita kumi, kwa hiyo 4.1 ya lita ni 0.41 ya desilita. Kama namba zako za nyuma zilikuwa za desilita, basi hukutoka 0.3 kwenda 4.1. Umetoka 0.3 kwenda 0.4. Nami naelekea kuamini zilikuwa za desilita, kwa sababu 3.8 ya lita ingekuwa kiasi kidogo mno kwa ugonjwa uliokwisha bonyeza pingili. Lakini usishike imani yangu, shika karatasi. Na kuanzia leo daftari lako liandike namba pamoja na herufi zake na jina la maabara iliyopima.

Hata hivyo, 0.3 kwenda 0.4 nayo tuitazame, maana hukuniandikia nikubembeleze. Ndani ya uloto kuna seli za plazma, kazi yake kutengeneza kingamwili. Kwenye mayeloma ukoo mmoja wa seli hizo huzaana kupita kiasi na kumwaga kingamwili ya namna moja tu, na hiyo ndiyo protini M. Maabara huitafuta kwa kuzitenganisha protini za damu kwa umeme, kisha inachorwa grafu, na fundi anakata kile kinundu kinachojitokeza ili akipime. Kinundu kikiwa kidogo kama chako, fundi huyu anaweza kukata hapa na mwenzake wa maabara nyingine akakata pale, na tofauti ya 0.1 ikazaliwa hapo bila ugonjwa kujigusa. Na mtu aliyetoka kuugua malaria mwili wake huwa umetengeneza kingamwili nyingi za kawaida, nazo huinua ardhi ambayo kinundu kimesimama juu yake, kikaonekana kirefu kuliko kilivyo.

Wataalamu wa mayeloma duniani wamekubaliana kipimo cha kusema ugonjwa umeendelea kwa kuangalia protini hii: iwe imepanda kwa asilimia 25 au zaidi kutoka pale ilipokuwa chini kabisa, na kupanda huko kusipungue 0.5 g/dL, na kuonekane kwenye vipimo viwili vinavyofuatana. Wewe chini kabisa ulifika 0.2. Kwenda 0.41 ni mara mbili, kwa hiyo asilimia umezipita mbali, lakini ile 0.5 hujaifikia, na kipimo cha pili bado hakijafanyika. Unaona ulipo? Upo mahali pa kurudia kipimo.

Kapa na lambda ni ile minyororo myepesi ya kingamwili inayoelea peke yake kwenye damu. Ugonjwa ukiamka, kwa kawaida mmoja ndio hukimbia na kumwacha mwenzake, na uwiano unapinda. Kwako imepanda yote miwili, na uwiano wa 1.45 bado uko ndani ya mipaka ya kawaida, ambayo kwa kipimo kinachotumika sana ni 0.26 hadi 1.65. Minyororo ikipanda pamoja hivyo, mara nyingi sababu ni maambukizi, au figo ambazo haziichuji kama zilivyokuwa.

Na hapo kwenye figo ndipo mimi niliposimama. Wewe umeandika kurasa kuhusu protini, kreatinini, ile taka ya damuni inayoonyesha figo zinachuja vipi, ukaipa nusu mstari. Kutoka 82 kwenda 118 ni kuruka, na katika barua yako kuna watu wawili wa kuhojiwa kuhusu hilo: malaria na diklofenaki. Dawa za ukoo huo, pamoja na ibuprofeni, huzibana figo za mtu yeyote, na za mgonjwa wa mayeloma hubanwa zaidi, kwa kuwa zimekwisha kubebeshwa mzigo wa protini. Muuzaji wa duka hakujua historia yako, wala hukumwambia. Mgongo ukiuma tena, uliza kliniki yako dawa gani ya maumivu inakufaa kabla ya kwenda dukani.

Tatizo ni kwamba figo kuchoka na damu kupungua ni dalili za mayeloma yenyewe pia. Malaria huvunja chembe nyekundu, kwa hiyo inaweza kabisa kukushusha kutoka 11.8 hadi 10.4; baadhi ya vidonge vya kuulaza ugonjwa navyo hupunguza damu; na ugonjwa ukiamka hufanya vilevile. Kila namba iliyokutisha ina maelezo zaidi ya moja. Wewe ni mtu wa Ujiji, hujawahi kumsikia mvuvi akisema ziwa limejaa kwa sababu ya wimbi moja lililopiga Kibirizi. Huangalia maji yamefika wapi leo, kesho na mwezi ujao. Namba zako nazo zinataka kuangaliwa hivyo, kwa maabara ileile inapowezekana, na mwili ukiwa haujatoka kuugua.

Kuna mambo mawili umeyachukulia kuwa ya hakika, na mimi nina shaka nayo. La kwanza ni kwamba ukiwa hujisikii mgonjwa huna ugonjwa. Ni faraja, na usiitupe, lakini protini inaweza kupanda miezi mingi kabla mfupa haujauma, ndiyo maana unaitwa kliniki ukiwa mzima. La pili ni hili neno "umelala". Protini yako ilishuka kutoka 3.8 hadi 0.2, ni zaidi ya asilimia 90, na madaktari huita hayo mwitikio mzuri sana. Hawaiti mwitikio kamili, kwa sababu kwenye mwitikio kamili protini M haionekani tena. Wapo wanaoishi miaka na kibaki kidogo kama chako kikiwa kimetulia. Kwa hiyo usijipime na sifuri, jipime na wewe wa mwaka jana. Tena, hata protini ikithibitika kupanda, si lazima matibabu yabadilishwe siku hiyohiyo. Kama figo, damu, kalsiamu na mifupa viko salama, daktari anaweza kuamua kufuatilia kwa karibu kwanza. Ndiyo faida ya kujua mapema: kuilinda figo na mfupa kabla havijaharibika.

Sasa safari. Ukienda Mwanza wiki hii utapata jibu la haraka na moyo utatulia kidogo, lakini unaweza kurudi na picha ileile yenye ukungu, kama mwili bado haujamalizana na malaria, na hela ya mzigo imekwenda. Ukisubiri baada ya Idi, protini pengine haitakudhuru kwa muda huo mfupi, ila kreatinini sipendi ikae muda wote huo bila mtu kuitazama. Kati ya hizo mbili kuna njia ambayo hukuitaja. Kreatinini na wingi wa damu, ile FBP, vinapimwa hapo hapo mkoani, hospitali ya Maweni. Uliza na kalsiamu. Ukapime siku hizi, kisha majibu yatumwe Mwanza na wao waseme kama uende mapema. Udhaifu wa njia hii ni kwamba haigusi protini M, na ukipata namba nzuri unaweza kujidanganya kwamba kliniki si lazima tena.

Halafu kuna swali ambalo sikuliona popote kwenye barua yako: je, daktari wako ameyaona majibu haya? Yalitoka maabara nyingine yakaja kwenye simu ya mtoto. Inawezekana watu pekee waliokwisha yasoma ni wewe, wanao na mimi. Piga simu kliniki uulize hilo kabla ya kuulizia nauli. Wauguzi wa kliniki za saratani wamezoea simu za namna hii.

Mizizi ya wifi iweke kando, mshukuru kwa upendo wake. Figo ikiwa inalalamika si wakati wa kuiongezea kitu ambacho hakuna ajuaye kipimo chake. Funga nayo ina uzito, kwa sababu figo zako zinataka maji mchana kutwa, na mgonjwa amepewa ruhusa ndani ya Kurani yenyewe, Suratul Baqarah. Najua nia ikishawekwa inauma kuiacha. Muulize daktari kuhusu figo, muulize sheikh wako kuhusu fidia, kisha uamue mwenyewe.

Kuna hali ambazo hazingoji Idi, mzigo wala simu ya kliniki, na hapa nakuwa mkali. Homa yoyote: usimeze dawa mseto nyumbani ukalala, nenda hospitali siku hiyohiyo, useme una mayeloma, kwa sababu kinga yako ni ndogo na si kila homa ya Kigoma ni malaria. Miguu kulegea ghafla, au mkojo au choo kukataa kutoka au kukutoka bila kujua. Maumivu mapya makali ya mfupa. Mkojo kupungua sana. Kiu isiyokwisha pamoja na kichefuchefu, kukosa choo na akili kuchanganyikiwa, maana hizo huenda ni dalili za kalsiamu kupanda. Mweleze mume wako hizi pia. Huenda hapendi daftari kwa sababu hajawahi kupewa kazi yoyote ndani yake zaidi ya kuogopa.

Wenzako wa mzigo huwajibiki kuwasomea damu yako. Lakini fikiria kama kuna kiasi kidogo unachoweza kuomba kitoke mapema, bila kujitoa wote.

Sasa binti. Unasema ni kama amekuzika. Nakuomba ujaribu kumwona usiku ule amekaa na simu yake Mwanza. Yeye naye aliona 4.1, naye alijua ulikuwa 0.3, na hakuwa na mtu wa kumwambia aangalie herufi za pembeni. Akamtumia mdogo wake, nadhani kwa kuwa mzigo ulimshinda peke yake. Simtetei. Damu ni yako, majibu ni yako, na siku alizokaa nayo zingeweza kuwa siku ambazo figo yako ilihitaji mtu. Ila kuna tofauti kati ya mtoto aliyekata tamaa na mtoto aliyeogopa, na wewe unayemjua ndiye utakayeipambanua. Je, mliwahi kukubaliana, yakija majibu mabaya akwambie vipi? Au ulimpa simu tu, ukamwachia aamue?

Unaweza kumwambia wazi kwamba unajua. Atalia, pengine atajitetea, na mtakuwa mmeanza. Unaweza pia kunyamaza, ukaiomba kliniki ikupigie wewe kwenye kitochi chako na kukusomea namba kwa mdomo. Kwa njia hiyo hutamtegemea mtu, lakini zile simu za habari za wajukuu zitabaki na kitu katikati yake. Au ukamwachia kazi hiyohiyo kwa sharti: majibu yakifika, yanakuja kwako siku hiyo, mnasoma pamoja kwenye simu, na hakuna anayetafsiri kabla ya daktari. Hili la mwisho linataka wewe uwe na nguvu za kusikia sauti yake ikitetemeka, na sijui leo unazo kiasi gani.

Vyovyote utakavyochagua, kuna mtoto wa pili hapo. Aliyekuonyesha simu alivunja agizo la dada yake kwa ajili yako, na ukimpigia mkubwa leo kwa hasira, jina la mdogo litatoka kabla ya salamu. Kaa naye kwanza. Akwambie anataka itajwe vipi sehemu yake, au kama angependa aiseme mwenyewe.